Po na Per: kisa cha silabi moja usiku wa mvua, Bukavu

Simu iliingia saa nne usiku ikiwa imepita kidogo, mvua ikipiga mabati ya jengo la dharura hata mtu akawa hamsikii jirani yake. Aliyeipokea ni mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa mwisho, aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Aliyepiga ni muuguzi wa kituo cha afya kilichoko mlimani, upande wa Kadutu, hapa kwetu Bukavu, mashariki ya Kongo. Hawakuongea hata dakika moja, na mtandao ulikatika mara mbili. Mwanafunzi akaandika katika daftari la mapokezi: diabétique, inconsciente, hyperglycémie, yuko njiani. Yaani mgonjwa wa kisukari, amepoteza fahamu, sukari imezidi.

Msimamizi wa zamu nilikuwa mimi. Nilisoma mstari ule, nikaamini kila neno. Nikaagiza seramu (dripu) ya chumvi itundikwe, na chupa ya insulini itolewe kwenye friji. Mgonjwa alipofika, dawa ilikuwa imeshavutwa kwenye bomba la sindano.

Neno lililosemwa kwenye simu lilikuwa hypoglycémie.

Kwa msomaji asiye wa kazi hii, maneno haya mawili yamepishana kwa herufi mbili tatu tu, lakini tiba zake zinapingana kabisa. La kwanza, lile la hyper, ni sukari kuzidi katika damu, na insulini huishusha. La pili, la hypo, ni sukari kupungua mno, chini ya miligramu 70 kwa desilita, na hapo mgonjwa anahitaji sukari upesi, kwa kuwa ubongo unaishi kwa sukari na ukiikosa kwa muda mrefu huharibika. Kumpa insulini mtu ambaye sukari yake imeshuka hadi 30 na kitu ni kumsukuma kaburini.

Mama yule, mtu mzima wa miaka sitini na zaidi, alishushwa kutoka kwenye teksi na watu watatu. Kitenge chake kilikuwa kimelowa chapachapa. Jambo hili nimelifikiria mara nyingi tangu siku ile. Jasho jingi la baridi ni alama kubwa ya sukari iliyoshuka, nasi wote tuliona maji yale tukadhani ni mvua. Alama nyingine zilikuwepo kwa mwenye kutazama: hakuwa akihema kwa nguvu na kwa kina kama anavyohema mtu ambaye sukari yake imepanda hadi damu ikaingia asidi, na ulimi wake haukuwa mkavu. Lakini daftari lilikuwa limeshanipa jibu, na macho yangu yakafuata daftari.

Aliyeokoa ni binti yake. Alikuwa ameshika miguu ya mama yake kitandani, akaona ile sindano mkononi mwangu, akauliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya kushusha sukari. Akasema, karibu kwa kelele: "Muganga, sukari ya mama ilishuka! Haikupanda, ilishuka! Kule walimupa maji ya sukari akaamka, kisha akalala tena."

Nikaweka sindano chini. Kipimo kikaonyesha 34.

Tulimpa glukosi ya asilimia 50 kwenye mshipa, polepole. Kabla dakika kumi hazijaisha alifungua macho, akauliza viatu vyake viko wapi. Tukamwekea seramu ya glukosi ya asilimia 10 na kumpima mara kwa mara hadi kesho yake. Alikuwa anameza glibenclamide, dawa inayolazimisha kongosho litoe insulini, nayo nguvu yake inaweza kukaa mwilini siku nzima. Alikuwa ameimeza bila kula. Ndiyo maana kule kituoni aliamka kisha akalala tena, na ndiyo maana walitaka kumhamisha. Alirudi kwake siku ya tatu, kwa miguu yake.

Utaratibu unataka sukari ipimwe kabla ya insulini, siku zote, na ningependa kusema kwamba ningepima hata kama binti asingesema neno. Siwezi kulisema kwa uhakika. Vibanzi vya kupimia vilikuwa vimebaki vichache usiku ule, tumevihifadhi kwa ajili ya watoto wa malaria kali, na ufunguo wa kabati haukuwa mfukoni mwangu. Hilo ni tatizo jingine la peke yake na tulilipeleka kwa wahusika. Hapa nataka kuchambua lile neno.

Siku mbili baadaye nilipanda hadi kituoni. Sikwenda kumgombeza mtu. Nilimkuta muuguzi yule, dada mwenye uzoefu wa miaka mingi kunishinda, akiwa na huzuni kwa sababu habari zilikuwa zimeshamfikia. Nikamwomba kitu kimoja: aseme neno lile kama alivyolisema kwenye simu, nikiwa nimempa mgongo. Akasema. Nikamwomba aseme lile jingine. Akasema. Kisha nikamwomba achague moja bila kuniambia, nami nitaje amesema lipi. Mara tano. Nilikosea mara mbili, chumba kikiwa kimya, mchana, bila mvua wala simu.

Akashtuka kuliko mimi. Alikuwa anajua kabisa tofauti, kichwani mwake maneno hayo yako mbali kama Bukavu na Kinshasa. Kilichotoka kinywani kilikuwa karibu neno moja.

Tuliketi kwenye benchi tukayakata. Kwa matamshi ya Kifaransa, hypoglycémie ina silabi tano: hi-po-gli-se-mi. Hyperglycémie nayo tano: hi-per-gli-se-mi. Nne kati ya hizo ni zilezile. Tofauti yote ya kufa na kupona imekaa kwenye silabi ya pili. Sasa, Kifaransa hukaza sauti mwishoni mwa neno. Nguvu yote inaangukia "mi", silabi ambayo maneno yote mawili yanayo na ambayo haimwambii msikilizaji kitu. Ile ya pili inapita haraka, dhaifu, kama mtu anayepita mlangoni ameinama.

Halafu kuna ile "r" ya per. Imebanwa kati ya "e" na "g", haina irabu ya kuishikilia. Masikio yetu, sisi tuliolelewa kwa Kiswahili, Kimashi au Kihavu, yamezoea silabi inayoishia kwa irabu: ma-ji, ba-ba, mu-ga-nga. Konsonanti inayofunga silabi katikati ya neno ni mgeni kwetu, na ulimi unaoongea haraka humwacha mgeni huyo nje. "Hi-per-gli" inakuwa "hi-pe-gli". Basi kilichobaki kutenganisha hypo na hyper ni "o" na "e", silabi isiyokazwa, simu mbaya, mvua kwenye mabati.

Na wakati mwanafunzi alipouliza "nini?", dada yule alirudia. Nilimwomba anionyeshe alivyorudia. Alipaza sauti, na kama afanyavyo kila mtu anayepaza sauti kwa Kifaransa, aliongeza nguvu palepale mwishoni: "hipoglise-MI!" Alirudia kwa sauti kubwa sehemu isiyokuwa na shida. Hapo nilimwonea huruma sana, kwa sababu nimefanya hivyo mwenyewe mara ngapi.

Jambo jingine ni kwamba mwanafunzi alikuwa ameshasikia "diabétique". Mtu wa ugonjwa wa sukari, katika akili ya kila mwanafunzi, ni mtu wa sukari nyingi. Sikio lilipopata silabi isiyoeleweka, akili ikajaza pengo kwa kile ilichokuwa inakingoja. Hakudanganya wala hakuzembea, aliandika alichokisikia. Nilimtetea hivyo mbele ya wakubwa na ningemtetea tena.

Kuna njia mbili za kukata neno la kiganga, na shuleni tulifundishwa moja tu, tena nusunusu. Njia ya kwanza ni kukata kwa maana. Maneno haya yamejengwa kwa Kigiriki: hypo ni chini, hyper ni juu ya kiasi, glykys ni tamu, haima ni damu. Hypo-glyc-émie: chini, utamu, damu. Njia ya pili ni kukata kwa sauti, kama watoto wa darasa la kwanza wanavyoimba ba-be-bi-bo-bu. Njia hizi hazikati mahali pamoja. Kwa maana, ile "c" ni ya glyc. Kwa sauti imehamia kwa jirani, ikawa "se". Neno anémie kwa maana ni an-émie, pasipo damu, lakini kwa sauti ni a-né-mie. "N" imeruka ukuta. Mwanafunzi anayekata kwa maana tu hupata alama nzuri kwenye karatasi kisha akashindwa kulisema neno. Anayekata kwa sauti tu husema vizuri neno asilolielewa. Inabidi ayakate mara mbili.

Mfano ulionifungua macho zaidi ni hyperémèse, kutapika kupita kiasi kwa mama mjamzito. Hyper ni ileile. Lakini muulize mkunga yeyote wa Bukavu aliseme, utasikia "r" safi kabisa: hi-pe-re-mez. Kwa nini hapa haipotei? Kwa sababu baada yake inafuata irabu. "R" inaruka inakaa na "e" ya mbele, inapata nyumba. Ulimi wetu basi hauna tatizo lolote na "r". Unachohitaji ni irabu ya kuipokea.

Kutoka hapo tukapata dawa yetu, na naiona ni ya kwetu kwelikweli. Tunapolisema neno kwenye simu tunaipa ile "r" irabu yake, kama Kiswahili kilivyofanya kwa mageni yake yote: petroli ilipata "i" mwishoni, kilabu kikapata "i" katikati na "u" mwishoni. Tunasema hi-po, tunanyamaza kidogo, kisha glisemi. Au hi-pe-ri, tunanyamaza, kisha glisemi. Papo hapo moja ina mapigo mawili na nyingine matatu. Zaidi ya hapo, likisemwa peke yake kama neno la Kiswahili, mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: HI-po, hi-PE-ri. Mdundo wote umebadilika. Mtu aliyeko upande wa pili wa simu anaweza kukosa irabu, anaweza kukosa konsonanti, lakini hawezi kuchanganya mapigo mawili na matatu, kama vile asivyoweza kuchanganya ngoma mbili za kijiji chake.

Nilirudia lile jaribio la mgongo na wenzangu wa zamu. Kwa mtindo wa zamani tulikosea tena. Kwa mtindo huu hakukosea mtu.

Daktari mmoja, mtu ninayemheshimu, alilipinga. Alisema tunawafundisha vijana Kifaransa kibovu, kwamba "hiperi" si neno, na kwamba kukata silabi ni kazi ya shule ya msingi. Sehemu ya maneno yake ni kweli: tuliona mwanafunzi akiandika "hyperiglycémie" kwenye mtihani, na tangu hapo tunafundisha maandishi upande wake na matamshi ya simu upande wake. Lakini kwa hilo la shule ya msingi sikubaliani naye hata kidogo. Kifaransa kizuri kina mahali pake, mkutanoni, kwenye ripoti. Saa nne usiku kinachotakiwa ni ile silabi ifike.

Na iwe wazi kwamba kukata silabi hakukumwokoa mama yule. Kilichomwokoa ni vitenzi viwili vya Kiswahili. Kupanda na kushuka, ukiondoa ile "ku", havifanani hata kwa sauti moja ya mwanzo. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kuvichanganya, na sisi wa Bukavu, tunaopanda na kushuka milima siku nzima, ndiyo kabisa. Binti yule hakusoma uganga. Alibeba habari sahihi ndani ya teksi, kwenye mvua, na ikafika salama, wakati habari iliyopita kwa wataalamu wawili ilifika imegeuka. Tangu siku ile nakataa kabisa tabia ya kuwaona ndugu wa mgonjwa kama watu wa kusukumwa nje ya chumba kabla hawajaulizwa.

Kwa hiyo ujumbe wetu wa simu sasa unaanza na namba. Sukari tatu, nne. Tarakimu moja moja. Halafu kitenzi: imeshuka. Halafu neno la kiganga likiwa limekatwa: hi-po. Halafu anayepokea anarudia vyote vitatu kabla simu haijakatwa, naye aliyepiga anasema ndiyo au hapana. Mtandao ukikatika katikati, anayepokea haandiki kitu mpaka apige tena. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 mapendekezo tisa ya usalama wa mgonjwa, la kwanza likiwa juu ya majina ya dawa yanayofanana kwa macho au kwa sauti, na moja lingine juu ya kukabidhiana wagonjwa. Karatasi hizo niliwahi kuzipitia kabla ya kisa hiki nikaona zinasema mambo ya wazi. Sikuwa nimezielewa.

Kwa namba tuna bahati kidogo. Kifaransa chetu kimetoka kwa Wabelgiji, tunasema septante na nonante. Mtu wa Ufaransa akisema soixante-dix na simu ikameza mwisho, 70 inabaki 60. Kwetu 70 ina jina lake yenyewe.

Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya, wanaosomea uganga kwa Kiingereza, wana mtego uleule kwa mavazi mengine. Kwao hypo inatamkwa "haipo" na hyper "haipa". Mapigo mawili kila moja, tofauti ni irabu ya mwisho tu. Ila Kiswahili kimewapa zawadi hapo: haipo ni haipo, sukari haipo. Anayeisikia kwa maana hiyo hataisahau. Sisi kwa "hipo" yetu ya Kifaransa hatuna bahati hiyo.

Baada ya kisa hiki niliyapitia maneno mengine na wanafunzi, nikitafuta yanayoweza kuua kwa silabi moja. Jambo lililonishangaza ni kwamba urefu wa neno si kipimo cha hatari. Hépatosplénomégalie inatisha macho; ina silabi nane, na wanafunzi hupumua kwanza kabla ya kulianza. Lakini ukilikata, ini, wengu, ukubwa, unaona kwamba hata likiharibika njiani hakuna neno jingine la kushika nafasi yake. Msikilizaji atauliza. La hatari ni lile lenye pacha. Gastrotomie ni kupasua tumbo la chakula. Gastrostomie ni kulifungulia kinywa cha kudumu cha kupitishia chakula. Gastrectomie ni kuliondoa. Kati ya la kwanza na la pili kuna "s" moja, tena iliyobanwa. Hypokaliémie na hyperkaliémie, potasiamu kupungua na potasiamu kuzidi, ni kisa chetu kilekile kikingoja usiku mwingine, na hapo hakuna binti wa mgonjwa atakayejua kusema potasiamu imeshuka. Hypotension na hypertension, yaani shinikizo la damu kushuka na kupanda, ni maneno ambayo watu wenyewe wameyaacha: kila mtu Bukavu husema tansio imepanda au tansio imeshuka, na sijawahi kuona zikichanganywa.

Ambapo hatujashinda ni kwenye mwandiko. Karatasi ya uhamisho iliyoandikwa kwa haraka, "hypo" na "hyper" zinakuwa mstari mmoja wenye mkia katikati, na hakuna silabi ya kuongeza kwenye karatasi. Tunachora mshale kando ya neno, wa chini au wa juu, na namba pembeni yake. Vituo vingine vinafanya, vingine bado. Wiki iliyopita nilipokea karatasi yenye neno lisilosomeka na bila mshale. Nikapiga simu. Aliyejibu alikuwa mwanafunzi wetu wa usiku ule, siku hizi muuguzi kamili. Kabla sijamaliza salamu alisema: "Mkubwa, ni tatu, moja. Imeshuka. Hi-po." Nikarudia. Akasema ndiyo.